Pesa ya jimbo: sisi wa masomo tuulize pia



Kuna wenzetu wanasema habari ya bajeti ni ya wakubwa wa Bunia. Mimi nakataa. Mwanafunzi anayerudishwa nyumbani sababu ya minervali, yeye iko ndani ya bajeti tayari, hata kama hajui.

Ituri ilikuwa jimbo mwaka 2015. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema sehemu ya majimbo katika mapato ya taifa ni 40 kwa mia, nayo ikatwe palepale inapopatikana. Lakini pesa inapanda kwanza Kinshasa, halafu inarudi kidogo, tena kwa kuchelewa. Basi bajeti inaandikwa nene, pesa inafika nyembamba. Hapo nani anakula kwanza? Mishahara na maofisi. Daraja la kwenda mashambani linangoja.

Wengine watanijibu: usalama kwanza! Sisi wa Komanda hatuwezi kucheka neno hilo. Tarehe 27 Julai 2025 watu waliuawa hapa kwetu, kanisani, katika maombi ya usiku. Lakini kwa Katiba hiyohiyo jeshi ni mzigo wa Kinshasa, na kifungu cha 204 kinaweka masomo ya sekondari mikononi mwa jimbo. Shule ya msingi ya serikali ilifanywa bure tangu 2019. Kwetu sekondari mzazi analipa, na wako walimu wa NP, wasiolipwa na serikali, wanaoishi kwa pesa ya mzazi huyo. Mzazi akikimbia shamba lake la kakao, mwalimu naye analala njaa, na kesho anatufundisha hesabu. Kwa nini jimbo lisianze na hao, kabla ya gari la mkubwa yeyote?

Utawala wa kijeshi ulipoanza tarehe 6 Mei 2021, kazi ya wabunge wa jimbo ilisimamishwa. Ndiyo maana nasema hesabu ibandikwe hata kwenye ofisi ya sheferi: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, tusome.

Na msiniulize, "Wewe je?" Sanduku la wanafunzi liko mkononi mwangu. Juma tatu asubuhi hesabu yake itakuwa kwenye ubao mbele ya ofisi ya Prefe. Kuna deni la mipira miwili, nalo nimeliandika.