Roho ikiuma, isikilizwe

Kwetu mtu akisema «roho inaniuma», pengine ana huzuni, pengine ni mgonjwa wa moyo. Zamani hata waganga wa Ulaya walipata shida kutofautisha. Walitega sikio juu ya kifua, na mara nyingi dawa yao ilikuwa kumtoa mgonjwa damu.

Mwaka 1816, kule Paris, munganga Laennec alipokea msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Akaona haya kumwekea sikio kifuani. Akakunja karatasi kama bomba, akasikiliza nayo. Mapigo yakasikika wazi kuliko kwa sikio tupu! Baadaye akachonga bomba la mti. Ile pembe ambayo mkunga anatuwekea tumboni kule maternite ni ndugu yake.

Kabla ya hapo, mwaka 1785, munganga Withering wa Uingereza aliandika juu ya jani lililopunguza uvimbe wa wagonjwa wa moyo. Alilijua kupitia dawa ya siri ya bibi mmoja mzee. Lakini yeye alipima kila kipimo, maana likizidi linaua.

Basi hatudharau majani ya bibi zetu, ila jani bila kipimo tuliogope. Na mama akivimba miguu na kukosa pumzi akilala, akiwa na mimba au hata miezi michache baada ya kuzaa, tusiseme amelogwa. Tumpeleke upesi kituo cha afya, moyo wake usikilizwe.