Kadi 12 ni posti moja nzima



Siku ya wazazi, tarehe 1 Agosti, inakaribia. Asubuhi tutaenda ku makaburi kusafisha na kukumbuka wale wenye walitutangulia. Mchana tutakula pamoja na wenye wangali wazima. Na mwaka huu, hapa Kolwezi, wamama wa mtaa wetu wanatayarisha kitu kingine tena: kadi za karatasi zenye, ukizifungua, kitu kinasimama ndani. Kuna yenye mnara wa mgodi, kuna yenye croisette ya shaba, kuna yenye maua. Ukifunga, vyote vinalala. Watoto wanafungua na kufunga mpaka kadi inachoka.

Kazi yenyewe si uchawi. Unachukua bristoli, unaikunja katikati. Pale penye mkunjo unakata mikato miwili yenye urefu moja, halafu unasukuma kile kipande cha katikati kiingie ndani. Ukifungua, kinasimama sawa ngazi ndogo, na juu ya ile ngazi njo unabandika picha. Lakini iko na sheria zake. Mkato usipite nusu ya upana wa ukurasa, kama sivyo, kadi ikifungwa kipande kitatoka inje sawa ulimi. Mkunjo unapitishwa kwanza na biki yenye wino imekwisha, kando ya rula, ili bristoli ikunjike bila kupasuka. Kola unaipaka pembeni tu wakati wa kubandika jalada. Ikigusa kile kipande cha kusimama, hakitasimama tena. Na wakati wa mvua, kadi zinakaa mu sashe, juu karatasi inakunywa maji ya hewa na inalegea.

Sisi wa sendika, mwanzoni wamoja wetu walicheka. Walisema: «Sendika ni ya mushahara, haiko ya karatasi.» Leo tunaandika kwa sababu tulikosea. Ni mambo ya mushahara kabisa.

Mwaka jana kampani moja iliomba wamama kadi 240 kwa ajili ya Noeli na Bonane. Wamama walifurahi sana. Walikata na kukunja usiku, watoto wakishalala, mara nyingi na toshi juu umeme ulikuwa umekatika. Kwa bei, walihesabu bristoli na kola, wakaongeza kidogo. Ku biro wakajibiwa: «Mupunguze, bamama. Ile ni kazi ya kufanya mukiikala.» Wakapunguza. Waliporudi na kugawana makuta, mama moja akatuuliza: «Batata, ninyi munajua mambo ya mushahara. Huu wetu uko wapi?» Hatukuwa na jibu.

Njo siku moja tulikaa nao na saa mkononi. Kadi moja, toka kupima mpaka kola kukauka kidogo, ilichukua dakika 40. Na yule alikuwa mama mwenye amezoea. Fanya hesabu: kadi 12 ni saa 8, ni kusema posti moja nzima. Kadi 240 ni posti 20. Wamama wetu walifanya posti 20 na wakalipwa karibu tu karatasi. Kama kampani ingetufanyia sisi vile mu karyeri, tungekuwa tumeshasimama ku mlango na mabango.

Lakini tuseme ukweli wote. Si kampani peke yake. Sisi waume pia, tukipita ku meza ya mama kununua kadi ya mtoto, tunasema «ni karatasi tu» na tunakata bei nusu. Maneno yale tunayajua. Ni maneno ya mnunuzi wa mawe mbele ya creuseur: anapima kilo, anaangalia ubora, anataja bei yake, na siku zenye mutu alipitisha mu shimo hazihesabiwi. Tunayachukia yakisemwa kwetu. Juu ya nini tunayasema kwa wamama?

Wengine wanasema kadi ya duka, ile ya mashini, ni rahisi kupita. Ni kweli. Mwenye kutaka ile anunue ile. Lakini yenye kufanywa na mikono iko na jina la mzazi wako na namba ya kofia yake ya kazi, na hakuna mashini ya mbali yenye itaziweka pale. Na mwenye hana makuta, akae na watoto wake, akunje mwenyewe. Hatusemi tena kadi zitachukua nafasi ya kazi kwa mwenye alipoteza mkataba. Hapana. Tunasema tu: kazi ikifanywa, ilipwe.

Basi tunaomba mambo tatu. Wamama, bei ianze na saa zenu: chukueni mushahara wa chini wa siku moja wenye Serikali iliweka, ile SMIG, mgawanye kwa 12, kisha muongeze karatasi na kola. Hiyo ni bei ya chini. Na muishike wote pamoja, asitokee moja kuuza chini ya mwenzake, juu njo namna mpatroni anatushinda sisi kila mara. Kampani zenye kuomba kadi nyingi, mtoe nusu ya makuta mbele ya kazi, na muandike mapatano ku karatasi. Na sisi wafanyakazi, tulipe bila kukata.

Tarehe 1 Agosti, mnara wa mgodi ukisimama mbele ya macho ya baba yako, ujue mama moja aliacha usingizi dakika 40 ili usimame. Umlipe.