Zawadi kwa Kazi ya Ujirani

Kila mwaka, siku ya kutoa zawadi, huwapigia makofi waliokuwa wa kwanza darasani na timu iliyoleta kombe. Ni haki yao. Lakini wako wanafunzi wenye kazi ya namna nyingine: kuwafundisha watoto wa wakimbizi kusoma, kuandikiana na shule ya ng'ambo ya mpaka, kulinda chemchemi inayotumiwa na vijiji viwili. Hao hawaitwi mbele. Naona wakati umefika waitwe, na wakubwa zetu waliosoma hapa zamani watusaidie kuianzisha zawadi hiyo.

Kazi hizo siku hizi huitwa elimu ya uraia wa dunia, nayo Umoja wa Mataifa uliitaja katika malengo yake ya mwaka 2015. Jina lake ni kubwa mno. Maana yake ni kumzoeza kijana kumwona mtu wa taifa jingine kuwa jirani mwenye haki sawa na yake. Sisi wa Uganda hatuhitaji kwenda mbali kujifunza hayo, maana nchi yetu imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1, wengi wao kutoka Sudan Kusini na Kongo.

Wengine watasema wema haushindaniwi, na ukiweka zawadi utavuna wanafiki. Siidharau hoja hiyo. Picha za vijana walioshika miche ni nyingi kuliko miti iliyokua! Lakini dawa yake ni kupima vizuri, si kunyima.

Tazameni Kenya. Mwaka 2019 Peter Tabichi, bruda wa Kifransisko aliyekuwa akifundisha hesabu na fizikia katika shule ya Keriko, upande wa Njoro, alipewa huko Dubai zawadi ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni 1. Moja ya mambo yanayopimwa ni kama mwalimu huwatayarisha watoto kuishi na watu wa mataifa na dini mbalimbali. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu. Lakini ilikuwa na chama cha amani, kilichowaunganisha wanafunzi wa makabila saba katika Bonde la Ufa, ambako damu ilimwagika baada ya uchaguzi wa 2007. Mwaka 2020 aliyeshinda ni Ranjitsinh Disale wa India, aliyewakutanisha kwa intaneti watoto wa nchi zenye uhasama, kama India na Pakistani. Nusu ya fedha aliwagawia wenzake tisa waliofika naye mwisho.

Fedha za zawadi hiyo hazitolewi kwa mkupuo. Hugawanywa kwa miaka kumi, na mshindi sharti aendelee kufundisha miaka mitano, isipungue. Sharti hilo lanipendeza kuliko fedha zenyewe. Kasoro moja naiona: humtukuza mtu mmoja, hali kazi kama hizi hufanywa na wengi. Afadhali mfano wa zawadi ya Unesco na Japani, ambayo mwaka 2017 ilifika kwa shule nzima, shule ya msingi ya Sihlengeni huko Zimbabwe, kwa kilimo chake cha kutunza ardhi.

Basi na sisi tufanye hivi. Zawadi ipewe chama au darasa, si mtu. Isitolewe kwa insha wala hotuba, maana wasemaji tunao wengi. Kazi iwe imekwisha timiza mwaka, na wanaoulizwa kwanza wawe majirani wenyewe: mama anayeteka maji pale chemchemini, mwalimu wa watoto wa wakimbizi. Nusu ya zawadi itolewe siku ile, na nusu mwaka unaofuata, kama kazi bado ipo. Ndugu zetu wa zamani wakikubali kuchanga, tafadhali wasinunue kombe, kabati limejaa. Walete majembe, vitabu, na nauli ya kuvuka mpaka.