Ngoma ndani ya orodinateri: mpigaji atalipwa namna gani?

Kusini mwa Maniema, kuanzia Wamaza mpaka Kasongo na Kabambare, kijana mwenye orodinateri moja anaweza leo kutengeneza wimbo muzima bila kuita mpiga gitaa wala mpiga ngoma. Piano, besi, tarumbeta na ngoma, vyote viko ndani ya mashini. Ni programu ndogo zenye kupachikwa ndani ya programu kubwa ya muziki. Zinarahisisha kazi, lakini zinaleta maswali mawili: sauti ya nani itabaki, na feza itaenda kwa nani?

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1987, Mjerumani Karsten Obarski alitoa programu Ultimate Soundtracker, ambamo noti zinaandikwa kwa kushuka chini, mstari kwa mstari, sawa vile hesabu kwenye daftari. Programu za aina hiyo zinaitwa treka. Sauti zake zilikuwa vipande vifupi vilivyorekodiwa. Kisha, mwaka 1996, kampuni Steinberg ya Ujerumani ikaleta mfumo wa VST, na mwaka 1999 mfumo huo ukaanza kubeba vyombo vya muziki. Leo, treka kama Renoise, ao OpenMPT ambayo ni ya bure, zinapokea vyombo hivyo.

Kwa mwenye kutegemea paneli ya jua, tofauti ni kubwa. Kipande kilichorekodiwa kinachezwa tu. Chombo cha VST kinapiga hesabu wakati wote: mashini ya zamani inachoka, sauti inakatika, batri inaisha mbio. Tena, wimbo wa treka wenye vipande unabeba sauti zake ndani ya faili. Wenye VST haubebi chombo. Ukiutuma kwa kle mpaka studio ya Kasongo, na chombo hicho hakiko kule, kitanyamaza. Dawa ni kugeuza kila chombo kuwa sauti ya WAV mbele ya kutuma. Na vyombo vya kunakili kwa wizi vinaweza kuingiza virusi na kuharibu kazi yote.

Lakini shida kubwa ni ya sauti yenyewe. Vyombo vingi vinatengenezwa Ulaya na Marekani. Kupata ndani yake ngoma za Wabangubangu ao Wazimba ni kazi ngumu. Mwishoni, wimbo wa arusi ya Kabambare unafanana na wimbo wa popote.

Kaskazini mwa Uganda, watu wameonyesha njia ingine. Baada ya miaka mingi ya vita na umaskini, kulipa kikundi kizima cha ngoma kwa arusi kulikuwa mzigo. Mwimbaji Otim Alpha na mtayarishaji Leo PaLayeng wakaingiza midundo ya arusi za Waacholi ndani ya orodinateri. Mwaka 2017, Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa albamu Gulu City Anthems, na muziki huo ukafika mbali. Mdundo wa wazee haukupotea. Ila pale palipokuwa na kikundi kizima, pakabaki mwimbaji na mashini.

Hapo ndipo feza inaingia. Studio inaweza kurekodi mapigo ya mzee wa ngoma kwa saa moja, kuyaweka ndani ya treka, kisha kuyatumia miaka kumi. Inchini Kongo, ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda watungaji, na pia wale wenye kupiga na kuimba. SOCODA ndiyo shirika la haki za watungaji. Lakini kama hakuna karatasi, mzee atadai na nini?

Kwa hiyo mapatano yafanyike mbele ya kurekodi: mapigo yatatumiwa kwa nyimbo gani, malipo ni mara moja ao kwa kila wimbo, na jina la mpigaji litaandikwa wapi. Karatasi moja yenye sahihi mbili na shahidi mmoja inatosha kwa kuanza. Studio itapata ngoma ambayo haiuzwe Ulaya, na mzee hataondoka mikono mitupu.