MAONI: Rangi ya maji haiwaki moto, lakini ndoo yake inaweza kukurusha

Mimi naishi Ixelles, hapa Brussels, na kazi yangu ni kupaka rangi vyuma: mageti, reli za ngazi, nondo za madirisha. Mtaa wenyewe ni kama maonyesho ya kazi hiyo. Kule kwenye mabwawa kuna nyumba za Ernest Blérot, za mwanzoni mwa karne iliyopita, zenye vyuma vilivyopindwa kama mashina ya mizabibu. Vyuma vya namna hii vinamtesa mpaka rangi. Ukipuliza kwa bunduki ya kawaida, rangi nyingi inapita katikati ya nondo na kwenda zake.

Ndiyo maana watu wa fani wanaipenda bunduki ya umeme tuli, ile ya elektrostatiki. Inaitia rangi chaji, chuma kimeungwa na ardhi, basi rangi inavutwa na kuzunguka mpaka nyuma ya nondo. Unapuliza upande mmoja, na upande wa pili nao unapata.

Sasa sikilizeni, ndugu zangu wa Ghuba, kwa nini hili linawahusu. Kwa miguu kutoka Matonge unafika Place du Luxembourg, na hapo mbele yako ndipo lilipo Bunge la Ulaya. Mwaka 2004 Bunge hilo na Baraza la Umoja wa Ulaya walipitisha sheria namba 2004/42, ya kupunguza mvuke wa kemikali kwenye rangi. Kwa rangi ya juu ya kurudishia magari, kwa mfano, kiwango tangu 2007 ni gramu 420 kwa lita, basi. Sheria za namna hii zikawasukuma watengenezaji kwenye rangi za maji. Na kiwanda kikishabadilisha bidhaa yake Ulaya, bidhaa hiyo hiyo inaonekana Sharjah na Maskati.

Sina ugomvi na rangi ya maji. Mapafu yangu yanaishukuru. Ugomvi wangu ni na maneno yanayokuja pamoja nayo dukani: "Hii haiwaki moto, kwa hiyo ni salama."

Mtoto wa kaka yangu ana warsha ndogo ya mageti, Seeb. Alinipigia simu juzi. "Ami, nimepata bunduki ya umeme, bei nzuri, ya rangi ya maji. Hii haina hatari, sivyo?" Nikamuuliza ndoo ya rangi ataiweka wapi. Akacheka. "Chini, ami. Ndoo inawekwa wapi tena?"

Hapo ndipo penye kisa chote. Rangi nyingi za mafuta hazipitishi umeme vizuri, kwa hiyo chaji inabaki kule mbele, kwenye mdomo wa bunduki. Maji yanapitisha. Bunduki za mkono kwa kawaida zinafanya kazi kwenye volti elfu kadhaa za makumi, tuseme 60,000. Ukiitia chaji rangi ya maji, umeme unarudi nyuma kupitia mpira, unafika kwenye pampu, unafika kwenye ndoo. Ndoo ikiwa sakafuni, umeme wote unaingia ardhini na bunduki inakuwa kama ya kawaida tu. Rangi haizunguki nondo.

Fundi atafanya nini? Fundi hodari, tena asiyetaka arbab amgombeze, atainua ndoo na kuiweka juu ya kreti ya plastiki. Na wallahi, itafanya kazi! Rangi itashika vizuri mno. Kila mtu atafurahi, na katikati ya warsha kutakuwa na ndoo yenye volti 60,000 isiyo na uzio, isiyo na alama, na kijana anayekuja kuongeza rangi na kijiko cha chuma mkononi.

Mnaujua ule mshtuko wa mlango wa gari, siku kavu za baridi? Ule ni kama sehemu moja ya mia ya jouli. Ndoo na mpira wake, kwa volti hizo, vinaweza kubeba karibu jouli moja, yaani mara mia hivi. Si lazima ukuue. Lakini ukiwa juu ya ngazi utakuangusha, na mwenye kifaa cha kuendesha moyo kifuani hatakiwi hata kuukaribia mtambo huo.

Mtambo uliokamilika una kizimba. Ndoo na pampu vinakaa ndani, juu ya miguu isiyopitisha umeme. Mlango ukifunguliwa umeme unakatika na fimbo ya ethi inagusa ndoo kuitoa chaji. Mpira nao ni wa aina yake, na ukipata tundu dogo unabadilishwa, haufungwi utepe. Miguu ya kizimba lazima iwe safi na mikavu. Kwa unyevu wa Maskati wakati wa kiangazi, vumbi na matone ya rangi juu yake yanatosha kuupa umeme njia ya kutorokea. Na hata kwenye kizimba, mazoea yanabaki yale yale: zima, subiri muda uliotajwa na mtengenezaji, gusisha fimbo ya ethi, ndipo utie mkono.

Kinyume chake ni mpaka rangi mwenyewe. Ndoo inatengwa na ardhi, yeye anaungwa nayo. Nimeona picha za warsha zetu huko: kijana amevaa kandambili za mpira na glavu nene. Mwili wake unajaa chaji polepole, halafu akigusa geti, cheche. Anahitaji viatu vinavyopitisha chaji, na glavu iliyokatwa kiganjani ili ngozi ishike mpini wa bunduki. Ndoana za kutundikia mageti nazo zikwanguliwe, maana rangi iliyoganda juu yake inalikatia geti ethi.

Na "haiwaki moto" lenyewe lina masharti. Jioni kijana anataka kusafisha bunduki, anachukua thina kwa sababu inasafisha haraka. Hapo ameingiza mvuke unaowaka kwenye mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya maji. Ulaya bunduki hizi za mkono zina viwango viwili tofauti: EN 50050-1 kwa rangi zinazoweza kuwaka, EN 50059 kwa zisizowaka. Angalieni karatasi za mashine kabla ya kutoa riyali, na bunduki ya kundi la pili isionjeshwe thina hata tone.

Rai yangu, na najua wauzaji hawataipenda: warsha ndogo ya familia isinunue bunduki inayotia chaji kwenye rangi ndani ya mpira. Zipo ambazo sindano ya umeme iko nje, zinazitia chaji chembe zikishatoka hewani, na ndoo inabaki sakafuni imeungwa na ethi. Hazizungushi rangi vizuri kama zile nyingine, ni kweli. Mimi naukubali upungufu huo. Anayetaka ile kali zaidi anunue na kizimba chake siku hiyo hiyo, siyo "tukipata faida". Na asimwachie kibarua wa Kibangali, aliyefika jana na anayeogopa kuuliza, abuni mwenyewe pa kuweka ndoo.

Muuzaji wa mtoto wetu, simtaji, aliulizwa kuhusu kizimba. Akajibu kwamba wateja wake wengi hawakichukui. Kijana amerudisha arbuni yake na sasa anatafuta ile yenye sindano ya nje. Mageti mawili ya msikiti yanamsubiri, na kwa sasa anayapaka kwa brashi.