Kiwanja Kikaguliwe Kabla ya Kuchimba Msingi



Mtu anayetaka kununua ng'ombe humtazama meno, macho na kwato. Huuliza amezaa mara ngapi na amewahi kuugua nini. Hana haraka, kwa sababu fedha yake ameipata kwa jasho. Lakini mtu huyo huyo akionyeshwa kiwanja, mara nyingi huuliza bei tu. Haulizi maji ya mvua hupita wapi. Haulizi udongo umeshikwa na nini. Kisha hujenga nyumba yenye thamani ya ng'ombe wengi.

Maoni yangu ni haya. Kila nyumba inayojengwa kwenye mteremko, bondeni, kando ya mto au kando ya ziwa ikaguliwe kwanza, hata kama ni ya vyumba viwili. Ukaguzi huo uwe mfupi na usiwe wa gharama kubwa. Ufanyike kabla ya msingi kuchimbwa, siyo baada ya bati kupigwa. Nitaanza na mfano wa Dar es Salaam, kwa sababu huko watu wamelipia somo hili kwa mali zao na kwa roho zao.

MTO MSIMBAZI NA WATU WAKE

Soko la Kariakoo mnalijua, hata kama hamjafika. Mchele, viazi, nazi na nyanya za wakulima wengi huishia huko. Ukitoka Kariakoo ukashuka kwa Barabara ya Morogoro kuelekea Magomeni, unafika Jangwani. Hapo ndipo Mto Msimbazi unapopita. Mto huu huanzia kwenye vilima vya Pugu, hupita katikati ya jiji, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda.

Wakati wa kiangazi mto huu ni mwembamba. Ukiutazama unaweza kuudharau. Lakini masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli mwishoni mwa mwaka, maji ya mvua ya sehemu kubwa ya jiji huteremkia humo. Mto hutanuka na kulijaza bonde. Kwa hiyo bonde lile ni sehemu ya mto wenyewe. Ni kitanda chake kikubwa, ambacho hukilalia siku chache tu katika mwaka.

Kwa nini basi watu walijenga humo? Wengine husema ni ujinga. Mimi sikubali. Mbeba mizigo wa Kariakoo huanza kazi alfajiri. Mama lishe huwasha moto kabla jua halijachomoza. Wakikaa mbali, nauli itakula faida yote. Bondeni ni karibu, na mtu huweza kwenda sokoni kwa miguu. Tena kiwanja cha bondeni kilikuwa rahisi. Muuzaji alimleta mnunuzi wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu. Wakaandikishana karatasi mbele ya mashahidi, fedha ikatolewa. Hakuna aliyepaona mahali pale wakati wa masika.

Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa sana ilinyesha Dar es Salaam. Watu wapatao 40 walikufa, na maelfu wakakosa pa kulala. Baadhi ya waliookolewa bondeni walipewa viwanja Mabwepande, nje ya mji. Wengine walirudi bondeni, kwa sababu Mabwepande ni mbali na kazi zao. Desemba 2015 yakaja matingatinga. Nyumba ziliwekewa alama ya X kwa rangi nyekundu, na nyingi zikabomolewa. Mtu aliyeweka akiba kwa miaka mingi, tofali kwa tofali, alibaki na mabati na fremu za milango.

Mto hauchagui maskini. Karakana ya mabasi ya mwendo kasi nayo ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde hilo hilo. Mabasi yalianza kazi mwaka 2016. Mafuriko yakaingia karakanani zaidi ya mara moja na kuharibu mabasi. Hapo kuna somo kwa viongozi. Mwananchi akiona mradi wa umma umejengwa bondeni, atasema: "Kama wao wamejenga, mimi kwa nini nisijenge?" Anayewazuia wengine lazima ajizuie mwenyewe kwanza.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kulirekebisha bonde la Msimbazi. Kazi zilizopangwa ni pamoja na kupanua njia ya maji, kujenga daraja jipya Jangwani na kuwahamisha watu wa maeneo ya hatari. Mkopo hulipwa na wananchi wote, pamoja na ninyi mlioko vijijini. Linganisheni fedha hizo na gharama ya mtu mmoja kwenda kukagua kiwanja akiwa na kamba ya kupimia na daftari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

SHERIA INASEMA NINI

Nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004. Sheria hiyo inataka miradi fulani ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haijaanza. Maana yake ni kuuliza mapema: kazi hii itaidhuru vipi ardhi, maji, miti na watu, na madhara hayo yatazuiwaje?

Kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Mita 60 ni kama hatua 80 za kawaida za mtu mzima. Kila mmoja wenu anaweza kuzihesabu.

Sheria ni nzuri. Tatizo liko katika utekelezaji. Miradi mikubwa, kama viwanda, migodi na barabara, huchunguzwa kwa kina. Nyumba ndogo ya mtu binafsi hupita kama dagaa katika wavu wenye matundu makubwa. Watu husema, "Hii ni nyumba ndogo tu, itaharibu nini?" Ni kweli, nyumba moja ni ndogo. Lakini nyumba elfu moja zilizoshikana ukingoni mwa mto ni mradi mkubwa kuliko kiwanda. Kila mmoja humwaga kifusi ili kuinua uwanja wake, na maji yakisukumwa kwake huenda kwa jirani. Kila mmoja huchimba choo, na mafuriko yakija vyoo vyote hufurika pamoja. Hapo ndipo kipindupindu huingia.

MTEREMKO UNA HATARI ZAKE

Hatari haiko bondeni peke yake. Jijini Mwanza nyumba nyingi zimejengwa kwenye vilima vya mawe juu ya Ziwa Victoria. Mtu anayejenga mahali pa namna hiyo hukata mteremko ili apate uwanja wa kusimamisha nyumba. Akikata, huondoa udongo uliokuwa unaushikilia udongo wa juu. Aking'oa miti na majani, huondoa mizizi iliyokuwa kama kamba za kufungia mzigo. Mvua ikinyesha, udongo hunywa maji na kuwa mzito. Mwishowe huteleza pamoja na mawe. Na uchafu wa choo kilichochimbwa juu bila mpango huteremka mpaka ziwani, ambako watu huchota maji na kuvua samaki.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliteremka kutoka Mlima Hanang na kuingia katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mvua hatuwezi kuizuia, lakini tunaweza kuchagua pa kulala.

Hata mahali pa tambarare ardhi inahitaji heshima. Tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Habari zilieleza kuwa kazi ya kuchimba chini ya jengo hilo ilikuwa ikiendelea. Baada ya hapo Waziri Mkuu aliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Ni jambo jema, lakini ukaguzi unaokuja baada ya mazishi umechelewa.

WANAOPINGA WANASEMA NINI

Wako watu wanaopinga ukaguzi, na hoja zao tuzisikilize kwa haki.

Wa kwanza husema kwamba ukaguzi ni wa matajiri, na maskini atazungushwa ofisini mpaka fedha ya saruji iishe. Hoja hii ni ya kweli. Ndiyo maana nasema ukaguzi wa nyumba ndogo usiwe ripoti nene iliyoandikwa kwa Kiingereza. Uwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na jibu litolewe kwa maandishi ndani ya wiki mbili. Afisa akichelewa, awajibike yeye, siyo mwananchi.

Wa pili husema kwamba ukaguzi utafungua mlango wa rushwa. Rushwa hupenda giza. Ukaguzi ufanyike mchana, mbele ya majirani na kamati ya mtaa au kijiji, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Jambo linalojulikana na watu ishirini ni vigumu kuliuza.

Wa tatu huuliza, "Maskini mkimkataza bondeni, aende wapi?" Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Kumwambia mtu "hapa usijenge" bila kumwonyesha pengine ni kumfukuza. Watu waliorudi kutoka Mabwepande walituonyesha hivyo. Serikali inayokataza bonde ina wajibu wa kupima viwanja vidogo vya bei nafuu mahali penye usafiri na maji. Lakini kukosa pengine hakulifanyi bonde kuwa salama. Yote mawili yafanyike pamoja: kukataza hatari na kuonyesha njia.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Wakati tunaidai serikali kazi yake, sisi wenyewe tunaweza kuanza. Kabla ya kutoa fedha ya kiwanja, uliza maswali haya:

1. Masika maji hufika wapi? Waulize wazee na majirani, usimwulize muuzaji peke yake. Tazama alama za maji kwenye kuta na miti. Ikiwezekana, kione kiwanja mvua ikinyesha.

2. Kutoka kiwanjani mpaka ukingo wa mto, ziwa au bahari ni hatua ngapi? Kama hazifiki 80, simama.

3. Mteremko ni mkali kiasi gani, na juu yake kuna nini? Tazama kama kuna mawe yaliyolegea, nyufa ardhini, au miti iliyoinama.

4. Choo kitakuwa wapi, na uchafu wake utaelekea wapi? Kisikae juu ya kisima, kiwe chako au cha jirani.

5. Ofisi ya ardhi ya halmashauri inasemaje? Uliza kama eneo hilo limepangwa kwa makazi, na kama kibali cha ujenzi kitapatikana. Usiridhike na jibu la mdomo.

Mpelekee majibu hayo mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa. Sheria ya mwaka 2004 inataka halmashauri ziwe na maafisa wa mazingira, na inatambua kamati za mazingira hata katika kijiji, mtaa na kitongoji. Ulizeni kama kwenu kamati hiyo ipo. Kama ipo kwa jina tu, ipeni kazi.

KAZI YA DARASA LETU

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu, na mtu aliyejifunza kusoma juzi hayawezi. Historia yetu inawakanusha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu karibu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana. Kisha walichimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Mwaka 1980 kampeni ya Misitu ni Mali ilifanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Watu walisoma, wakaelewa, wakatenda.

Naamini tunaweza kufanya hivyo kuhusu viwanja na nyumba. Kila darasa litembee katika kijiji chake siku moja wakati wa mvua, lichore ramani kwenye karatasi kubwa, na kuonyesha njia za maji na miteremko ya hatari. Ramani hiyo ibandikwe katika ofisi ya kijiji. Na vijana wetu wanaokwenda mjini kutafuta maisha waondoke na maswali yale matano mfukoni, kwa maana wao ndio wanunuzi wa viwanja vya kiangazi.

Nyumba ya mtu mdogo ndiyo benki yake, bima yake na urithi wa watoto wake. Kwa hiyo yeye ndiye anayehitaji ukaguzi kuliko tajiri. Tajiri nyumba yake ikichukuliwa na maji atajenga nyingine. Maskini huanza upya akiwa na mikono mitupu, na pengine hana tena nguvu za kuanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni sehemu zipi zisizofaa kujengwa nyumba? Kwa nini?

2. Kwa nini baadhi ya watu waliopewa viwanja Mabwepande walirudi bondeni? Ungekuwa wewe ungefanya nini?

3. Je, ni haki kuibomoa nyumba ambayo hakuna aliyeizuia ilipokuwa inajengwa? Toa sababu zako.

4. Kamati ya mazingira ya kijiji chetu ina wajumbe gani? Ilikutana lini mara ya mwisho?