Nyangumi Kapewa Mita, Kiboko Je?

Kila mwaka, kuanzia Julai hivi hadi Oktoba, nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari ya baridi ya kusini kuja kuzaa kwenye maji ya vuguvugu ya Afrika Mashariki, na watu hutoka kwa boti kwenda kuwatazama. Nchi zilizozoea biashara hiyo zimeweka mipaka. Afrika Kusini chombo kisicho na kibali maalumu hakiruhusiwi kumkaribia nyangumi chini ya mita 300. Australia boti husimama mita 100, na akiwapo ndama husimama mbali zaidi. Mipaka hiyo humkinga nyangumi asisumbuliwe, na humkinga mtu pia, ingawa nyangumi si mkali. Mnyama wa tani 30 akijigeuza tu, bila hasira yoyote, boti inaweza kupinduka. Msomaji wa Iringa au Mbeya anaweza kusema hayo ni ya watu wa pwani, na hapo ndipo anapokosea. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa vinasaba wamekuwa wakionyesha kwamba ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi miongoni mwa wanyama walio hai ni kiboko, wala kiboko hana undugu wa karibu na nguruwe kama ilivyodhaniwa zamani. Wote wawili huweza kuzaa na kunyonyesha ndani ya maji, na wote hupelekeana sauti chini ya maji. Mmoja kapewa mita 300. Mwingine, anayelala katika Bwawa la Mtera, bonde la Usangu na kwenye midomo ya mito inayoingia Ziwa Nyasa, hupitiwa na mtumbwi juu ya mgongo.

Juu ya mgongo kwelikweli. Kiboko si mwogeleaji kama wengi wanavyodhani. Hutembea na kurukaruka kwenye sakafu ya maji, na anaweza kukaa chini kama dakika tano kabla ya kuibuka kuvuta pumzi. Mvuvi anayesukuma mtumbwi kwa pondo kwenye maji ya kina cha kifua haoni kitu hadi maji yanapofura. Dume hulinda kipande chake cha maji, jike hulinda mtoto, na mtumbwi wa gogo hauna uzito wa kumzuia yeyote kati yao. Ratiba nayo inawakutanisha: kiboko hutoka jioni kwenda kula majani nchi kavu na kurudi alfajiri, saa zilezile ambazo mvuvi hutega na kutegua nyavu. Chombo kikubwa kidogo hakisaidii sana. Mei 2023, katika Mto Shire wilayani Nsanje, Malawi, mtumbwi uliobeba watu 37 ulipinduliwa na kiboko. Mtoto mchanga alifariki na watu 23 wakapotea majini.

Kwa hiyo swali la maana ni la nafasi: kati ya mtumbwi na kiboko pana maji kiasi gani? Katika nyanda zetu nafasi hiyo haipangwi na mvuvi wala na mnyama. Bwawa la Mtera, lililojengwa mpakani mwa Iringa na Dodoma mwishoni mwa miaka ya 1970, likijaa huenea zaidi ya kilomita za mraba 600. Lakini ni bwawa bapa, sinia zaidi kuliko sufuria. Kati ya kimo chake cha juu kabisa na kile cha chini kinachokubalika kwa mitambo kuna mita nane na nusu tu, hivyo kina kikipungua kidogo ukingo husogea mbali sana. Mwaka 2006, maji yaliposhuka na nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme, wote tulizungumzia giza majumbani. Lakini maji yakijikunja hivyo, viboko na nyavu hubanwa kwenye mikondo ileile iliyobaki na kina.

Na sehemu kubwa ya maji hayo huanzia Usangu. Tangu mwaka 1993 hivi, Ruaha Mkuu, mto unaoyaleta na uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu kinamasi cha Ihefu, kilichomo Usangu, hakipokei tena maji ya kutosha kuyamwaga upande wa pili. Wafugaji, waliolaumiwa kwa hilo, waliondolewa huko mwaka 2006 na 2007, Usangu ikaunganishwa na hifadhi mwaka 2008, lakini mto uliendelea kukauka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu mto huuhuu unaonyesha jambo ambalo mvuvi yeyote angelielewa haraka: mto ukitiririka, kinyesi cha kiboko ni mbolea, mto ukisimama, kinarundikana kwenye madimbwi, hewa ndani ya maji inapungua na samaki wanapungua. Kumbe mtu na mnyama wanadhulumiwa na ukame mmoja, kisha tunawaita maadui.

Wapo wanaosema dawa ni risasi: mnyama aliyeua auawe, basi. Naielewa hasira hiyo, na sheria inaruhusu mamlaka kumwondoa mnyama hatari. Ila dimbwi lenye kina likibaki moja, dume akiondoka huja dume mwingine, na aliyejeruhiwa akaponea ni wa kuogopwa kuliko wote. Wengine humlaumu mvuvi kwa ukaidi. Rahisi kusema ukiwa na mshahara. Samaki hawaingii nyavuni kwa saa za ofisi. Hoja nzito zaidi ni ya mpunga unaomwagiliwa kwa maji ya Usangu: wilaya ya Mbarali inalisha nchi, nani atafunga mifereji? Hakuna haja ya kuifunga. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 tayari inataka yawekwe akiba maji ya matumizi ya lazima ya watu na ya uhai wa mto. Maji yanayoingia mferejini kiangazi na kuishia kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa hayamlishi mtu.

Serikali nayo itasema kuna kifuta machozi, kilichowekewa kanuni mwaka 2011, wakati huo shilingi milioni moja kwa aliyeuawa na mnyama. Lakini jina lenyewe linakiri kwamba machozi yamekwisha kumwagika. Kabla ya machozi yapo mambo ya gharama ndogo. Kina cha Mtera hupimwa kila siku kwa ajili ya umeme; namba hiyohiyo iandikwe kwenye ubao wa kila mwalo, Migoli na kwingineko, pamoja na mikondo ambayo mitumbwi haitapita maji yakifika kimo fulani. Mikondo hiyo ichaguliwe na wavuvi wenyewe, na maofisa wa wanyamapori waje kusikiliza. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ambayo makao yake yako Iringa, inapogawa maji ya kiangazi ihesabu pia nafasi ya mtumbwi. Mita ngapi, watakubaliana mwaloni. Kule kwa nyangumi nako mita hizo zilitokana na watu kukaa na kuamua.